Kusomea muziki wa kibiashara na kurekodi sauti kwenye chuo cha jamii, California: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunifikia kwa simu, nje ya kanisa baada ya ibada, na kwenye harusi ninapokaa nyuma ya miksa. Wanaouliza wengi ni vijana wetu walioko Sacramento, San Diego na Los Angeles. Wachache wako Dar, Mombasa au Bukavu na wanatafuta njia ya kuja kusoma. Mimi nilisoma fani hii kwenye chuo cha jamii kaskazini mwa California, nikihudhuria jioni baada ya kazi ya ghalani, na kozi ya miaka miwili ikanichukua mitatu.

Chuo cha jamii ni chuo cha namna gani?

Ni chuo cha umma cha miaka miwili. Kongwe kuliko vyote nchini Marekani kiko Joliet, Illinois, kilifunguliwa mwaka 1901. Leo California peke yake ina vyuo vya jamii 116. Chuo cha jamii hakichuji watu kwa alama. Ukiwa umemaliza sekondari, au umefikisha miaka 18 na unaweza kufuata masomo, mlango uko wazi. Unatoka na cheti cha fani au na shahada ya awali (associate degree) ya yuniti 60, yuniti ikiwa kipimo cha uzito wa kozi, ambayo unaweza kuhama nayo kwenda kumalizia chuo kikuu. Anayeijua VETA, vyuo vya ufundi vya Tanzania, achukue ufundi wake, auchanganye na miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu, vyote ndani ya uzio mmoja. Darasani kwetu alikuwamo binti wa miaka 18 na mzee aliyestaafu udereva wa lori, wakichangia meza moja na seti moja ya maiki.

Kwa nini unaitwa muziki "wa kibiashara"? Ni matangazo ya redio?

Hapana, ingawa matangazo yamo. Jina hilo linautenganisha na muziki wa okestra na kwaya za kizamani unaofundishwa katika idara nyingi za muziki. Hapa unasoma muziki ambao watu wanaununua na kuucheza leo: utunzi wa nyimbo, kupanga ala, kurekodi, kuchanganya sauti, kuendesha mitambo jukwaani, na sheria za hakimiliki. Baadhi ya vyuo, kama American River College cha Sacramento, vina programu yenye jina hilohilo. Vingine, kama Citrus College cha Glendora, vinaiita sanaa ya kurekodi. Usitishwe na majina. Fungua orodha ya kozi usome zilizomo.

Mimi tayari ni prodyuza. Nina laptopu, FL Studio na wateja. Nitajifunza nini kipya?

Swali hili nalipenda kuliko yote kwa sababu nami nililiuliza, tena kwa kiburi. Nilikuwa nimetengeneza biti kwa miaka sita kabla ya kuingia darasani.

Nilichokuwa sijawahi kufanya ni kurekodi kitu halisi ndani ya chumba halisi. Anayetengeneza biti kwenye laptopu hupokea sauti zilizokwisha kusafishwa na mtu mwingine: kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, imepigwa, imerekodiwa na kukazwa na fundi asiyemjua. Siku unapowekewa seti ya ngoma, gitaa, besi na mwimbaji aliyefika na mafua, unagundua kwamba ulikuwa unapika chakula cha kopo.

Wiki za kwanza hatukugusa kompyuta kabisa. Tulifuatilia njia ya sauti: kutoka mdomoni kwenda kwenye maiki, kwenye waya, kwenye tundu la ukutani, kwenye lile paneli la matundu la kuunganishia mitambo, kwenye kikuza sauti cha awali, kwenye kigeuzi kinachoifanya iwe tarakimu, kisha ndani ya Pro Tools, programu ya kurekodia, na kurudi mpaka spika. Mwalimu alichomoa waya mmoja mahali fulani akatupa dakika tano tutafute tatizo liko wapi. Mazoezi hayo yameniokoa mara nyingi kuliko plagini yoyote niliyowahi kununua. Katikati ya harusi, spika ikikata, watu mia tatu wakikugeukia, hutakisia. Utaifuata njia hatua kwa hatua.

Baada ya hapo huja maiki. Unajifunza kwa nini Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, bado iko mikononi mwa waimbaji duniani kote, na kwa nini maiki ya kondensa inahitaji umeme wa volti 48 upitao kwenye waya uleule wa sauti. Unajifunza kwamba kuisogeza maiki sentimita kumi kunabadilisha sauti kuliko kukaa saa nzima unazungusha ikwalaiza.

Kuna kosa langu moja ambalo bado nalisimulia. Nilirekodi gitaa kwa maiki mbili, moja karibu na tundu na nyingine karibu na shingo. Kwenye hedifoni lilisikika pana na tamu. Mwalimu akabonyeza kitufe cha mono, kinachojumlisha kushoto na kulia kuwa sauti moja, na gitaa likakonda, mtetemo wa chini ukapotea. Sauti ilikuwa inazifikia maiki hizo kwa nyakati tofauti, mawimbi yanapanda upande mmoja yakishuka upande wa pili, na ukiyajumlisha yanafutana. Nilirudi nyumbani nikasikiliza kazi zangu za miaka sita kwa mono, kama zinavyosikika kwenye simu ya kawaida au spika moja ya daladala. Nilikosa usingizi usiku ule.

Kwa hiyo unachokilipia chuoni ni chumba, maiki ambazo peke yako usingeweza kuzinunua, wanamuziki wa kuwarekodi, na masikio ya mtu anayekwambia ukweli. Programu ya kompyuta unayo tayari.

Lazima nijue kusoma nota?

Si sharti la kuingia, ila programu nyingi zitakupa somo la nadharia ya muziki na la kinanda. Waliokulia kwenye kwaya wana mtaji ambao hawaujui. Kama mwalimu wako wa kwaya aliandika do, re, mi, fa, so ubaoni, tayari umezoea kuisikia sauti kwa nafasi yake ndani ya ufunguo, na hilo ndilo jambo gumu zaidi katika nadharia. Kilichobaki ni kujifunza kuliandika kwenye mistari mitano. Kwenye zoezi la kuandika melodia kwa kuisikia tu, wanakwaya wa kwetu huwashinda wapiga gitaa wa siku nyingi. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Gharama ni kiasi gani?

Mkazi wa California analipa dola 46 kwa yuniti. Yuniti 60 ni dola 2,760 kwa shahada nzima ya awali, mbali na vitabu, ada ndogo za afya na vifaa, na nauli. Ukazi kwa kawaida unahesabiwa baada ya kuishi jimboni mwaka mmoja na siku moja ukiwa na nia ya kubaki, na ukiwa na hadhi ya uhamiaji inayoruhusu. Asiye mkazi analipa zaidi ya dola 300 kwa yuniti katika vyuo vingi, kwa hiyo neno hilo "mkazi" lina uzito wa maelfu ya dola. Kama ulikuja kama mkimbizi na ukaanzia maisha California, waambie ofisi ya udahili mapema, maana kuna msamaha wa ada ya wasio wakazi kwa ajili yako. Usikae kimya ukisubiri waulize.

Mkazi mwenye kipato kidogo anaweza kufutiwa kabisa zile dola 46 kupitia California College Promise Grant. Mwenye uraia au ukazi wa kudumu anajaza pia fomu ya FAFSA kuomba Pell Grant ya serikali kuu, ambayo hairudishwi, na ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 inafika hadi dola 7,395. Fomu hiyo ni bure. Nimekutana na familia iliyomlipa mtu dola 200 awajazie. Ofisi ya msaada wa fedha chuoni inakusaidia kuijaza bila malipo, ukiwa umekaa palepale.

Niko Afrika Mashariki. Naweza kuja kwa viza ya mwanafunzi?

Vyuo vingi vya jamii vinapokea wanafunzi wa F-1, yaani viza ya mwanafunzi, ila piga hesabu kwa utulivu. Utalipa ada ya asiye mkazi, utaonyesha fedha za kukutosha mwaka mzima, utalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kabla ya ada ya viza yenyewe, na utasoma angalau yuniti 12 kila muhula, huku darasa moja tu la mtandaoni likihesabiwa humo. Kazi inaruhusiwa ndani ya chuo, kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Hapa wanamuziki ndipo wanapoumia. Kupiga kwenye harusi Jumamosi na kulipwa mkononi ni kazi. Kumrekodi mtu chumbani kwako kwa dola 50 ni kazi. Mwanafunzi wa F-1 akifanya hivyo bila kibali anaweza kupoteza hadhi yake. Ukimaliza unaweza kuomba hadi miezi 12 ya kufanya kazi ndani ya fani yako. Masharti ya viza hutofautiana kati ya nchi na nchi na hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la ubalozi wa Marekani nchini kwako kabla ya kulipa senti. Tena, mwulize afisa wa wanafunzi wa kimataifa chuoni kwa maandishi, ili na jibu uwe nalo kwa maandishi.

Kiingereza changu hakijakaa vizuri.

Anza na madarasa ya Kiingereza yasiyo na yuniti. Vyuo vya California havitozi ada ya kujiandikisha kwa hayo. Unaweza kuyachukua sambamba na kozi moja ya studio. Kiingereza cha studio ni kifupi na kinajirudia, mkono unakielewa kabla ya ulimi. Darasa la sheria ya muziki ndilo litakalokutoa jasho, liache mpaka mwaka wa pili.

Muda wangu utakwendaje?

Kozi ya kurekodi ya yuniti tatu ina mihadhara na maabara, na juu yake kuna saa za studio unazojiandikisha mwenyewe. Hizo saa ndizo shule. Wenye kazi za mchana tulikuwa tunachukua za usiku, saa mbili mpaka saa nne, na mara nyingi tuliingia mbadala wa wenzetu walioghairi. Ukifika studio hakikisha umeshachora karatasini maiki gani inakwenda tundu gani, maana dakika 120 zinayeyuka. Nusu saa ya mwisho ni ya kukunja waya na kuacha chumba kama ulivyokikuta.

Kukunja waya ni somo, tena lina mtihani: mzunguko mmoja juu, mmoja chini, usiupinde kiwikoni. Waya uliokunjwa vibaya hukatika ndani na utakuumbua mbele za watu.

Nanunua kompyuta na vifaa gani kabla ya kuanza?

Usinunue. Subiri karatasi ya maelekezo ya kozi, kisha tumia bei ya mwanafunzi. Hedifoni nzuri za kufunika sikio na diski ya nje vinakutosha muhula wa kwanza.

Nimesikia kazi hii inaharibu masikio. Ni kweli?

Kweli, na sikio likiharibika halirudi. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda salama unakatwa nusu: saa nne kwa 88, saa mbili kwa 91, saa moja kwa 94. Kwenye desibeli 100, ambazo harusi zetu nyingi huzifikia kabla ya keki kukatwa, una dakika 15. Mafundi mitambo wangapi wa kwetu wamesimama mbele ya spika usiku kucha kwa miaka ishirini? Wengi wao sasa wanaomba urudie maneno.

Sababu nyingine ni ya kazi yenyewe. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio halizisikii sauti za chini na za juu kwa usawa. Ukipunguza ukubwa wa sauti, besi inaonekana kupotea kwanza. Ndiyo maana wimbo uliochanganywa kwa kelele unatoka mwembamba ukichezwa kwa sauti ndogo sebuleni. Chuoni tulizoeshwa kuchanganya kwa sauti ya wastani, kupumzika kila baada ya muda, na kurudi kesho yake kabla ya kusema kazi imekwisha. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti zote sawasawa. Vinauzwa chini ya bei ya viatu.

Nataka kurekodi muziki wetu: taarab, rumba, ngoma, kwaya. Watanielewa?

Watakuelewa ukiwaletea, na utapata alama nzuri kwa sababu hakuna mwingine darasani aliye nao. Ila jiandae kuwafundisha walimu wako.

Chukua taarab. Udi, ganuni, fidla na nai hupita kwenye maqamu, ngazi za sauti za Kiarabu, ambamo baadhi ya sauti zinakaa kati ya funguo za piano. Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, katika mpangilio wake wa kawaida inazijua sauti kumi na mbili tu, na mwimbaji akigusa ile ya katikati, mtambo unaivuta pembeni kama kosa. Nilimsikia mwanafunzi mwenzangu "akimsahihisha" mama mmoja wa Kizanzibari hivyo. Kila noti ilikuwa safi, na wimbo ulikuwa umekufa. Izime, au jifunze kuipangia ngazi yako mwenyewe. Kumbuka kwamba Siti binti Saad na kundi lake walikwenda mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodiwa sahani, na sauti yake ikajulikana pwani nzima bila mtu kuinyoosha.

Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021, ina tatizo lake. Magitaa matatu au zaidi, solo, mi-solo na lile la kusindikiza, yote yanaishi katika masafa ya kati yanayokaribiana. Mchanganyaji asiyeijua huyaweka yote katikati kisha anashangaa kwa nini sebene imekuwa ukungu. Litenge la solo kulia, mi-solo kushoto, mpe kila mmoja eneo dogo la ikwalaiza, na usibane sana kwa kompresa, kwa sababu kule kupanda na kushuka kwa vidole ndiko kunakowainua watu vitini.

Kwa kwaya, tafuta chumba kwanza. Kwaya iliyorekodiwa mtu mmojammoja kwenye kibanda cha vitambaa haina pumzi ya pamoja. Maiki mbili nzuri mbele ya watu ishirini, mbali kiasi, waimbaji wa besi wakiwa wamepangwa kwa akili, zinatosha. Mwulize mchungaji kama kanisa liko tupu Jumanne usiku.

Hili somo la biashara ya muziki lina faida gani?

Lisome hata kama utaacha mengine yote. Ndani ya wimbo mmoja kuna mali mbili: utunzi, yaani melodia na maneno, na ile rekodi yenyewe. Zinaweza kuwa za watu tofauti, na kila moja ina njia yake ya fedha. Marekani, mtunzi anakusanyiwa malipo ya kuchezwa kwa wimbo na mashirika kama ASCAP, la mwaka 1914, au BMI, la mwaka 1939. Fedha za nakala za mtandaoni za utunzi zinapitia MLC, shirika la kuzikusanya, tangu 2021. Mwenye rekodi na mwimbaji wanajiandikisha SoundExchange kwa ajili ya redio za intaneti na satelaiti. Na jambo linalowashangaza wengi: redio za kawaida za AM na FM hapa humlipa mtunzi, hazimlipi mwimbaji kwa rekodi yake.

Sisi tunajua gharama ya kutoandika. Malaika ilirekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikaimbwa dunia nzima, na ubishi wa nani aliitunga, jina la Adam Salim likiwamo, haujawahi kumalizika. Darasani tulifundishwa kujaza karatasi ya mgawanyo kabla ya watu kutoka studio: nani katunga nini, asilimia ngapi, sahihi. Kwa marafiki inatia haya. Ijaze hivyohivyo, chai ikiwa bado ya moto.

Nitapata kazi?

Sitakudanganya: studio kubwa zenye ajira za kudumu ni chache, na zinaendelea kupungua kwa kuwa watu wanarekodi nyumbani. Ninaowajua waliosoma nami wanaendesha mitambo makanisani, kwenye kumbi za mikutano za hoteli, kwenye majumba ya tamthilia na mashuleni. Wengine wanahariri podikasti au wanafunga mitambo ya sauti kwenye majengo. Wengi wanaunganisha vipande viwili vitatu. Aliyefanikiwa mapema si aliyekuwa na sikio kali kutuzidi. Alikuwa anafika robo saa kabla, ana betri za akiba mfukoni, na anajibu ujumbe siku hiyohiyo.

Naweza kuhamia chuo kikuu baadaye?

Unaweza, ila kaa na mshauri wa masomo muhula wa kwanza, usingoje wa nne. Kozi nyingi za studio zinahesabiwa kwenye cheti lakini hazihesabiwi kwenye shahada ya kwanza ya chuo unachokitaka. Hesabu, Kiingereza na masomo ya jumla ndiyo yanayohamishika kwa urahisi.

Wazazi wangu wanasema muziki si shule. Niwaambieje?

Mama yangu alisema hivyohivyo. Sikubishana naye. Nilimwalika onyesho la mwisho wa muhula, nikamkalisha nyuma ya miksa pamoja nami, nikampa hedifoni asikie kila mtu akisemezana nami kabla wimbo haujaanza: taa, jukwaa, wapiga ala. Aliona ni kazi yenye watu na saa. Mzee wako akikuuliza utakula nini, usimjibu kwa majina ya wasanii matajiri. Mwonyeshe orodha ya kozi, ada, na nafasi za kazi za fundi mitambo zilizotangazwa mwezi huu mjini kwenu. Wanaogopa kwa sababu walihangaika kutufikisha hapa, na wana haki ya kuonyeshwa hesabu.

Nakwenda kutembelea chuo wiki ijayo. Niulize nini?

Uliza kila mwanafunzi anapata saa ngapi za studio kwa wiki, na kama studio inafunguliwa Jumamosi. Uliza darasa la kwanza la kurekodi lina watu wangapi, na wangapi wanafika la pili. Uliza mwalimu anafanya kazi gani nje ya chuo. Omba kuingia studio ukae dakika mbili kimya usikilize: kama unasikia kiyoyozi, kila rekodi yako itakisikia pia. Kisha mtafute mwanafunzi anayekunja waya, umwombe umsaidie, na umwulize maswali yote ambayo umeona haya kumwuliza mkuu wa idara.